Nani Anaitunza PES ya Kibandani?

   

Leo nataka tuzungumze juu ya gemu. Ndiyo, gemu. La kwenye televisheni, la kwenye kompyuta, la kwenye simu, na hasa yale magemu ya zamani. Tafadhali mama, usizime redio. Sizungumzii kubeti, wala zile mashine za dubwi zinazomeza sarafu za watoto mtaani. Hayo yana siku yake na nitayasema kwa uchungu siku hiyo. Leo nazungumzia mpira wa kwenye skrini: vijana wawili kwenye benchi, pedi mbili, na kundi lililosimama nyuma yao likisubiri zamu.

Nianze na swali. Ukipita kibanda cha gemu hapa mtaani kwako, unakuta mashine gani? Mara nyingi ni PlayStation 2. Mashine hiyo ilitoka Japani mwezi Machi mwaka 2000. Sony waliacha kuitengeneza, wakatangaza hivyo Januari 2013. Na gemu la mpira linalopendwa kibandani, PES, toleo lake la mwisho kwa mashine hiyo lilikuwa PES 2014, lililotoka Novemba 2013. Baada ya hapo kampuni yake, Konami, ikaendelea na mashine mpya, na mwaka 2021 ikaliacha hata jina lenyewe la PES, ikaliita gemu lake eFootball.

Sasa tazama ajabu hii. Unaingia kibandani leo, kijana anachagua Real Madrid, na Kylian Mbappé yumo. Mbappé alijiunga na Real Madrid mwaka 2024. Lakini gemu lile lilipoachwa na kampuni, Mbappé alikuwa hajatimiza hata miaka 15. Je, nani amemweka mle ndani? Konami? Sony? Hapana. Waliliacha zamani. Nani, basi?

Swali hilo ndilo mazungumzo yetu ya leo. Jibu lake ni mashabiki. Watu wa kawaida, walio nchi mbalimbali, wengi wao hawalipwi hata senti, wanaolifungua gemu la zamani, wanaingiza majina mapya, sura mpya na jezi mpya, kisha wanaliachia wengine wacheze. Kule Brazil lipo toleo maarufu liitwalo Bomba Patch. Lilianzishwa na Allan Jefferson mwaka 2007 juu ya gemu la mpira la PlayStation 2, na limeendelea kusasishwa miaka na miaka, likiwa na timu za Brazil na sauti za watangazaji wa Kibrazili. Kule Indonesia walitengeneza PES Jogress kwa ajili ya simu, nalo likasambaa Asia na Afrika, hadi huku kwetu. Wale mnaocheza kwenye simu mnaifahamu sauti ya Peter Drury, yule mtangazaji wa Kiingereza mwenye maneno matamu. Sauti ile iliingia kwenye PES za baadaye, za mashine kubwa. Mashabiki ndio walioichukua huko wakairudisha nyuma, wakaiweka kwenye gemu la zamani.

Wachimbaji wadogo mnaonisikiliza kutoka Rwamgasa na Mgusu mtanielewa haraka. Mnayajua marudio. Mawe yamekwisha kusagwa, dhahabu imeoshwa, mwenye mali amechukua chake na kuondoka, akauacha mchanga. Anakuja mwingine mwenye ujuzi wa kuchenjua, na katika mchanga ule ule anapata dhahabu iliyobaki. Kazi ya mashabiki hawa ni ya namna hiyo. Kampuni imemaliza kuuza, imeondoka. Wao wameona bado kuna mali.

Tuko pamoja? Twende mbele kidogo.

Kuingiza majina na jezi ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kulifanya gemu lenyewe liendelee kuwaka. Diski zinachubuka. Lenzi ya mashine inachoka, hasa kwa vumbi hili letu la kiangazi. Ndiyo maana PS2 nyingi za vibandani siku hizi hazitumii diski kabisa, zinasoma gemu kutoka kwenye flashi au "hard disk". Fundi anakuwekea, unalipa, unaondoka. Lakini umewahi kumuuliza ile programu inayoiwezesha mashine kusoma flashi imetoka wapi? Inaitwa Open PS2 Loader. Haikutengenezwa na Sony. Imetengenezwa na mashabiki na kutolewa bure, na yeyote mwenye ujuzi anaruhusiwa kuifungua aone imeandikwaje. Bila watu hao vibanda vingi vya Shinyanga na Geita vingekuwa vimefungwa zamani, na yule kijana anayemlipia mdogo wake ada kwa mapato ya kibanda angekuwa anafanya kazi nyingine.

Kwenye simu hali ni hiyo hiyo. Wale wanaocheza PES kwenye simu, wengi wanaicheza ndani ya programu iitwayo PPSSPP. Kuna wakati Sony walikuwa na mashine ndogo ya kushika mkononi, PSP, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2004. Hapa kwetu waliowahi kuishika ni wachache. Lakini Novemba 2012 mtengenezaji wa programu kutoka Sweden, Henrik Rydgård, alitoa PPSSPP, programu inayoifanya simu ya kawaida iwe PSP. Vijana wanaiita emuleta. Inafanyaje kazi? Gemu la PSP limeandikwa kwa amri ambazo prosesa ya simu yako haizielewi. Emuleta inazichukua amri hizo, moja baada ya nyingine, na kuzigeuza papo hapo ziwe amri ambazo simu inazielewa, kwa kasi ambayo wewe mchezaji huoni kilichofanyika. Unaona mpira tu unatembea.

Programu hiyo ni ya bure. Ipo pia ya kulipia, inaitwa Gold, yenye alama ya rangi ya dhahabu, kwa anayetaka kuwaunga mkono watengenezaji. Nasema hili kwa sababu hapa mitaani wapo wanaowauzia wenzao ile ya bure. Kijana, usinunue. Ipakue mwenyewe.

Na wanachezaje wawili? Hapa ndipo penye utamu. Mmoja anawasha hotspot, mwenzake anajiunga, simu mbili zinaonana, mechi inaanza. Bando haliliwi hata kidogo. Gemu lenyewe walirushiana jana kwa Xender, kutoka simu hadi simu. Na walio mbali wanaweza kukutana kupitia seva za mtandaoni, ambazo nazo zimewekwa na mashabiki. Mtu wa Shinyanga acheze na mtu wa Mombasa au Bujumbura, kwa gemu la mashine ambayo wote wawili hawajawahi kuimiliki. Kabla ya hapo, wenye kompyuta walikuwa wamekwisha kufanya jambo hilo hilo na PES 6 ya mwaka 2006. Seva za kampuni zilipofungwa, mashabiki waliandika programu ya seva yao wenyewe, na mechi zikaendelea.

Narudia, kwa yule aliyefungulia redio sasa hivi: magemu ya zamani unayoyaona yanachezwa yanaishi kwa kazi ya watu wanaoyacheza. Kampuni iliyoyauza mara nyingi haipo tena katika habari hiyo.

Je, ni kwetu tu? Hapana. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani inayohifadhi historia ya magemu, Video Game History Foundation, ilitoa utafiti uliogundua kwamba karibu magemu 9 katika kila 10 ya zamani yaliyotoka nchini humo hayauzwi tena popote. Fikiria nchi tajiri namna ile. Anayetaka kuyacheza lazima atafute mashine ya zamani, aende kwenye hifadhi, au aingie kwa mashabiki.

Hadithi moja inanigusa zaidi. Kulikuwa na gemu la mtandaoni liitwalo City of Heroes, watu maelfu wakicheza pamoja. Kampuni ililizima Novemba 2012. Wachezaji waliagana humo ndani usiku wa mwisho, kisha giza. Mwaka 2019 likaibuka tena kwenye seva za mashabiki, jina lao Homecoming. Wengi tungetegemea kesi mahakamani. Januari 2024 kampuni yenye mali, NCSoft, iliwapa mashabiki hao leseni rasmi waliendeshe. Waliaminiwa. Hilo ndilo ningependa kampuni nyingine zijifunze.

Lakini zipo zisizotaka. Gemu la magari liitwalo The Crew lilitoka 2014. Watu walilinunua kwa fedha yao. Machi 31, 2024, kampuni ya Ubisoft ikazima seva, na kwa kuwa gemu lilihitaji seva hiyo hata ukicheza peke yako, likafa mikononi mwa walionunua. Hasira ya hapo ikazaa kampeni iitwayo Stop Killing Games, iliyoanzishwa na Ross Scott, na mwaka 2025 raia zaidi ya milioni 1 wa Umoja wa Ulaya walikuwa wametia saini kuomba sheria. Hawadai kampuni ziendeshe seva milele. Wanachoomba ni kwamba kampuni ikiondoka, iliache gemu katika hali inayochezeka. Kwangu mimi ombi hilo ni la haki kabisa. Ukimuuzia mtu kitu, huna ruhusa ya kurudi usiku kukichukua.

Najua yupo anayeuliza: je, sheria inasemaje? Kwa kifupi. Emuleta yenyewe si kosa. Katika kesi ya Sony na Connectix, mwaka 2000, mahakama ya rufaa Marekani ilikubali kwamba kuichunguza mashine ili kutengeneza programu ya kuiiga ni halali. Gemu lenyewe, hata hivyo, lina mwenyewe, na hapa Tanzania Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta, ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ikiisimamia. Kwa hiyo kuchoma nakala na kuziuza kwa mafungu ni kuuza mali ya mwingine. Nalisema waziwazi ili mtu asije akasema redio imeruhusu. Na papo hapo nasema kwamba kampuni iliyoliacha gemu miaka zaidi ya kumi, hailiuzi, hailirekebishi, haina sababu ya maana ya kuwafukuza wanaolitunza bila kudai chochote.

Wazee wangu, sijawasahau. Mnajua vizuri zaidi yetu kwamba mchezo unaweza kuishi bila kampuni. Isolo ya Wasukuma nani aliyeisajili? Bao nani analimiliki? Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, ambaye jina lake ndilo la kata yetu, alipenda kucheza bao, na kanuni alizozitumia alizikuta kwa watu. Waliocheza ndio waliofundisha. Mashimo ukiyachimba ardhini na kokoto ukiziokota, mchezo upo. Tofauti ni kwamba gemu la kompyuta limefungwa kwa kufuli: linahitaji mashine yake, faili lake, na wakati mwingine seva iliyo nchi ya mbali. Kufuli hilo ndilo linaloifanya kazi ya mashabiki iwe ngumu, na ndilo linalofanya uzembe mdogo ugeuke kuwa upotevu wa milele.

Na upotevu huo umekwisha kutugusa. Miaka ya mwanzo ya 2010, ndugu zetu Wakenya, kampuni ya Planet Rackus, walitoa Ma3Racer, gemu la simu la kuendesha matatu. Matatu, barabara za Nairobi, watembea kwa miguu wanakatiza! Lilipatikana kwenye duka la mtandaoni la Nokia. Mwaka 2015 duka lile likafungwa. Nikuulize wewe uliyekuwa na Nokia wakati ule: nakala yako iko wapi? Ile simu iko wapi? Magemu ya Wamarekani na Wajapani yana maelfu ya watu wa kuyatafuta. La Nairobi linawategemea watu wa Nairobi, na la Dar es Salaam watu wa Dar es Salaam.

Hapo sasa ndipo nilipokuwa napaendea tangu mwanzo. Vijana wa Shinyanga na Geita tumekuwa wapokeaji wazuri. Mbrazili akitengeneza, tunapakua. Mwindonesia akitengeneza, tunapakua. Wapo Watanzania waliokwisha kuingiza jezi za Simba na Yanga kwenye magemu ya simu, na nawapongeza sana, maana hakuna kampuni iliyowatuma. Lakini je, mpira wa Tanzania ni Simba na Yanga tu?

Hebu tukumbushane. Mwaka 2014 timu ya mji huu wa Shinyanga, Stand United, Chama la Wana, timu iliyotoka kwa wapiga debe wa stendi, ilipanda Ligi Kuu. Mwaka uliofuata wakapanda Mwadui FC, kutoka kwenye mgodi wa almasi hapo jirani. Misimu kadhaa mkoa mmoja ukawa na timu mbili Ligi Kuu, na Uwanja wa CCM Kambarage ukawapokea vigogo wote wa nchi hii. Septemba 2018, kule Uwanja wa Taifa, Stand United walicheza na Yanga. Yanga walishinda 4-3, lakini mabao yote matatu ya Stand yalifungwa na mtu mmoja, Alex Kitenge. Matatu, dhidi ya Yanga, Dar es Salaam! Msimu huo ulipokwisha, 2019, Stand wakashuka. Mwadui wakashuka 2021. Mwaka huo huo Geita Gold wakapanda, na katika msimu wao wa kwanza, 2021/22, George Mpole wa Geita Gold akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17, akimpita Fiston Mayele wa Yanga kwa bao moja. Mwaka 2024 Geita Gold nao wakashuka.

Mtoto aliyezaliwa Kambarage mwaka 2014 ana umri wa kucheza PES sasa. Akiwasha gemu, anaweza kuwa Manchester City, anaweza kuwa Real Madrid. Anaweza kuwa Stand United ya 2018? Anaweza kumchagua Kitenge, akajaribu kulipata lile bao la nne ambalo halikupatikana? Uwanja anaouona kwenye skrini unaweza kuwa Kambarage, wenye vumbi na watu waliopanda miti nje ya ukuta? Na sauti anayoisikia, kwa nini isiwe ya mtangazaji wa Kiswahili? Sisi wa redio tumetangaza mpira nchi hii kabla televisheni haijafika mikoani. Sauti tunazo.

Kazi hiyo inawezekana. Sisemi ni rahisi. Inahitaji kompyuta moja, hata ya zamani, uvumilivu wa kujifunza kuhariri majina, jezi na sura, na mtu wa kuikagua. Vijana wa Brazil walianza hivyo hivyo. Na wanaoifanya kazi hii wanajifunza mambo ambayo shule zetu zinatafuta namna ya kuyafundisha: jinsi faili linavyojengwa, jinsi picha inavyohifadhiwa, jinsi programu ya mtu mwingine inavyosomwa na kurekebishwa. Mzazi, ukimkuta mwanao anahangaika kubadilisha jezi kwenye gemu hadi saa nne usiku, mkemee kwa kuchelewa kulala, kisha kesho yake muulize amefanyaje. Msikilize hadi mwisho.

Wadogo zangu wenye vibanda, nanyi mna wajibu. Memori kadi zenu na flashi zenu zina matoleo ambayo pengine hayapo popote tena. Kabla hujafuta toleo la zamani kuweka jipya, linakili. Liandike jina lake, mwaka wake, na aliyelitengeneza. Nimeona mengi yanazunguka yamefutwa jina la mtengenezaji na kuandikwa jina la muuzaji. Huko ni kumnyang'anya mtu kitu pekee alichokitaka kwa jasho lake, maana fedha hakuomba.

Muda wetu unaisha, kwa hiyo nimalizie na ombi, na nalisema taratibu ili anayeandika aandike. Mwenye jezi ya Stand United ya msimu wowote kati ya 2014 na 2019, ipige picha mbele na nyuma, namba na maandishi ya mdhamini yaonekane vizuri. Mwenye ya Mwadui, fanya hivyo. Ndugu zangu wa Geita, jezi ya msimu wa Mpole msiipoteze. Mwenye orodha ya wachezaji, namba na nafasi zao, aitunze. Uliyecheza katika timu hizo na bado uko mitaa hii, kubali kupigwa picha ya uso, vijana watakuingiza. Na wewe fundi wa gemu, wa Kambarage, wa Kahama, wa Katoro, tafuta mwenzako mmoja, anzeni na timu moja tu, wachezaji 11 na wa akiba. Ikiwa tayari, ileteni hapa studio. Nitaicheza na nyinyi, na nitawataja majina hewani.